"Fine" ni nzuri sana, ni sawa tu, au ni faini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kamusi yangu inasema fine ni nzuri, safi, bora. Nikamwandikia mfanyakazi mwenzangu ambaye Kiingereza ndo lugha yake ya kuzaliwa, 'Your report is fine', akanijibu 'Why, what's wrong with it?' Nimebaki nashangaa. Halafu hiyohiyo fine nimeikuta kwenye msasa, na kwenye mkataba nimeona 'late payment fine', hapo nadhani ni faini. Sasa hili ni neno moja au matatu? Na nitumie maneno gani badala yake?"

Marahaba ndugu yangu. Nianze na mwenzako maana naona huyo ndo amekuumiza kichwa zaidi. Hajakuonea. Kwa masikio yake umemwambia "ripoti yako haina shida", basi, umeishia hapo, na mtu aliyehangaika na ripoti akiambiwa haina shida tu bila neno lingine anaanza kujiuliza kwani kuna nini. Kamusi yako nayo haijadanganya, fine ni nzuri na ni bora kweli, ila haikukwambia kwamba ubora huo unategemea neno limekaa wapi kwenye sentensi. Kamusi ndogo nyingi ziko hivyo, zinakumwagia maana kumi kwenye mstari mmoja halafu zinakuachia mwenyewe uchague.

Iko hivi. "She's a fine teacher" maana yake ni mwalimu hodari, wa kusifiwa, unamwinua kabisa. "The teacher is fine" maana yake mwalimu mzima, hajaumia, au huyo mwalimu anatufaa tusihangaike kutafuta mwingine. Mwalimu ni yuleyule na neno ni lilelile, kilichobadilika ni kwamba kwanza fine imekaa kabla ya nomino na pili imekaa baada ya "is". Kabla ya nomino inapima ubora. Baada ya "is" mara nyingi haipimi kitu, inajibu swali ambalo pengine hakuna hata aliyeuliza, kwamba "je kuna tatizo?", na jibu lake ni hakuna. Ndo maana "a fine report" ni sifa, japo ni sifa yenye harufu ya kizamani kidogo, na "the report is fine" ni kama kugonga muhuri ukapita zako.

Ukitaka kujua uko na fine ipi angalia maneno yanayoweza kuisindikiza. Ile ya ubora (na ile ya wembamba, nakuja huko) inakubali "very" na inakubali kulinganishwa: "a very fine piece of work", "a finer singer", "the finest doctors". Ile ya sawa tu haitaki hayo, yenyewe inapenda "just", "perfectly", "absolutely", kama "it's just fine", "perfectly fine". Na angalia kichekesho kilichopo hapo, "perfectly" kwa sauti yake ungedhani inapandisha sifa juu kabisa kumbe inasisitiza tu kwamba shida hakuna hata chembe. Ndo sababu "I'm very fine", ambayo watu wengi sana waliojifunza Kiingereza shuleni tunaisema, mtu wa London au Chicago ataielewa bila taabu ila ataisikia ina ugeni, yeye angesema "I'm very well" au "I'm fine" peke yake.

Kuna sehemu moja sheria hii inavunjika na usije ukaniambia sikukutahadharisha. Kwenye Kiingereza cha mtaani, hasa cha Wamarekani weusi na sasa kimeenea kila mahali, "he's fine" au "she's so fine" ikivutwa kwa sauti ni kwamba mtu huyo ana mvuto wa hatari, mrembo, mtanashati. Hapo fine imekaa baada ya "is" na bado ni sifa kubwa. Kwahiyo ukimuulizia mgonjwa kwa mtu ukajibiwa "she's fine" hiyo ni afya, ila rafiki yako akikugusa bega huku anamkodolea mtu macho na kusema "she's fine", hahitaji tena maelezo.

Haya, mbadala wa kwenye ripoti. "Okay", "all right" na "fine" ziko rafu moja, ukibadilishana hizo hujapanda popote. "Good" iko juu yake, na hili wengi hawalijui kwasababu tumezoea kuona fine kama ndo neno la kistaarabu zaidi. Juu ya good kuna "very good", halafu "excellent", "outstanding", "superb". "Quite good" iogope kidogo, Mmarekani akiisema anasifia, Mwingereza akiisema mara nyingi anapunguza. Na "satisfactory" ndo usiiguse kabisa ukitaka kumfurahisha mtu. Kwa maumbile yake inamaanisha kitu kinachoridhisha, lakini imeshuka thamani mpaka Ofsted, chombo kinachokagua shule za England, mwaka 2012 waliifuta kwenye madaraja yao na mahali pake wakaweka "requires improvement", yaani shule iliyokuwa inaridhisha ikageuka kuwa shule inayotakiwa ijirekebishe. Mimi ningemwandikia mwenzako "The report is excellent, especially the part on costs", nitaje kitu mahususi, manake kwa Kiingereza sifa isiyo na mfano inasikika kama adabu tu.

Kwenye afya mambo ni mepesi, "well" na "fine" zinabadilishana, "I'm good" nayo imeshazoeleka. Penye mtego ni pale unapokaribishwa kitu. Ukimuuliza mtu "Would you like some more?" akajibu "I'm fine, thanks", huyo amekataa. Hajasema sawa niongezee, amesema niko vizuri hivi nilivyo, na watu wengi wamemiminiwa kikombe cha pili kwa kutoeleweka hapo. Anayetaka angesema "yes, please". Kuna tofauti pia kati ya "I'm fine with that" ambayo ni sina pingamizi, na "that's fine" ambayo ni mshapewa ruhusa endeleeni.

Halafu kuna fine ya ugomvi. "Fine!" Hiyo hata usihangaike kutafuta visawe vya Kiingereza maana sisi tunayo yetu, ni "haya!" Haya ya kukubali kwa moyo mweupe na haya ya kukubali huku umenuna zinaandikwa sawasawa, sauti ndo inasema. Kwenye meseji ambako sauti haipo nukta inachukua kazi hiyo, ukitumiwa "Fine." imekaa peke yake na nukta yake, jua mambo hayako fine, kama tu ukitumiwa "Sawa." na mtu ambaye kwa kawaida anakuandikia mistari minne. Ipo na ya kejeli, "A fine friend you are!" ambayo tungesema rafiki kweli wewe, na "a fine mess", hapo hakuna uzuri wowote, ni balaa tupu. Kejeli hii inapenda kukaa kabla ya nomino, mahali palepale pa sifa, kwasababu kejeli bila sifa haina pa kushika.

Twende kwenye msasa wako. Hapa fine ni chembe ndogo au kitu chembamba, kinyume chake ni "coarse" yaani chenye chenga au chembe kubwa. Fine sand, fine flour, fine dust, fine needle, fine mesh (wavu wenye matundu madogo), fine rain ambayo ni manyunyu. Shida ya sisi Waswahili ni kwamba kote huko tunakimbilia neno laini, na laini yetu inabeba maneno matatu ya Kiingereza kwa mpigo. Kitu ukikibonyeza kikabonyea hicho ni "soft", kama mto. Kitu ukikipitishia mkono unateleza hicho ni "smooth", kama kioo. Kitu ambacho chembe zake zenyewe ni ndogo hicho ndo "fine". Kitambaa laini ni soft, ukuta laini ni smooth, unga laini ni fine. Sasa msasa ulioandikwa fine siyo soft wala siyo smooth, bado unakwaruza vizuri tu, ila mchanga uliogandishwa juu yake umesagwa mdogo zaidi, ndo maana ule wa namba kubwa unatumika kumalizia kazi na ule wa namba ndogo kuanzia. Mtu akiandika "smooth flour" ataeleweka, ila mwenye lugha atajua kwamba huyu ametafsiri.

Nywele ni mfano mwingine ninaoupenda kwasababu unatenganisha visawe viwili ambavyo kamusi inavipanga kama mapacha, "fine" na "thin". "Fine hair" ni kila unywele mmoja mmoja ni mwembamba. "Thin hair" au "thinning hair" ni nywele zimepungua kichwani, zimekuwa chache. Mtu anaweza kuwa na nywele nyingi sana lakini fine, na mwenye fine hair hawezi kukasirika ukimwambia hivyo, ila mwambie zake ni thin uone.

Mafundi na wanasayansi hawakuridhika na hisia za mkono wakaipa fine vipimo. Kwa wanajiolojia, kwenye mizani aliyoichapisha Wentworth mwaka 1922, fine sand ni mchanga wenye chembe kati ya milimita 0.125 na 0.25, ukishuka chini ya hapo unaitwa very fine sand mpaka milimita 0.0625, baada ya hapo siyo mchanga tena ni tope la aina yake. Wanaopima uchafu wa hewa nao wana fine particles, zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu, ndo hiyo PM2.5 unayoiona kwenye taarifa za hewa. Humo visawe havikubaliki kabisa, huwezi kuandika "delicate particles" kwasababu tu kamusi ya visawe imekwambia delicate ni ndugu wa fine.

Kutoka kwenye wembamba wa vitu ikaenda kwenye wembamba wa mawazo. "A fine distinction" ni tofauti ndogo ambayo lazima uwe makini kuiona, kisawe chake ni "subtle". "There's a fine line between confidence and arrogance", mpaka mwembamba. "Fine-tune" ni kurekebisha kidogokidogo kitu ambacho tayari kinafanya kazi, hapa unaweza kusema "adjust" ila utapoteza ule udogo. "Fine print" ni yale maandishi madogomadogo chini ya tangazo au mkataba ambayo hakuna anayeyasoma, na "small print" ni hilohilo, lakini "thin print" haipo usiitunge.

Kwenye madini fine ni safi isiyochanganywa, kisawe ni "pure". Usafi huo unapimwa kwa sehemu kati ya 1,000, kwahiyo dhahabu ya karati 18 ni 750, ya karati 22 ni kama 916, na inayokaribia usafi kamili ni 999 na kuendelea. Ndo maana sarafu ya Krugerrand iliyoanza kutolewa Afrika Kusini mwaka 1967 ina uzito wa gramu 33.93 hivi lakini inasemwa ina wakia moja ya fine gold, gramu 31.1, kilichobaki ni shaba iliyowekwa ili isichakae haraka.

Na kwakuwa tumetaja sarafu, hapa kuna kitu kinaonyesha vizuri kwamba neno hili halina daraja lake la kudumu. Wanaokusanya sarafu za zamani wana ngazi za ubora zenye namba mpaka 70, na humo "Fine" ni 12! Sarafu ya Fine imechakaa kweli, michoro inaonekana ila imelika, juu yake kuna Very Fine na Extremely Fine, halafu ndo unafika kwenye zile ambazo hazijatumika. "Good" ni 4, yaani karibu ya kutupa. Sasa nenda kwa wauza vitabu vya kale, kwao "Fine" ni kitabu ambacho ni kama hakijaguswa, kinapitwa labda na "As New" tu, na "Very Good" iko chini yake. Yaani neno moja, watu wawili wenye maduka ya vitu vya kale, mmoja akisema fine bei inashuka mwingine akisema fine bei inapanda.

Hali ya hewa nitaipitia haraka: Waingereza wakisema "it's fine today" maana yake hakuna mvua, siyo lazima jua liwake, visawe ni "dry", "clear", "fair". Na kwenye vitendo sema "it works fine", usiseme "finely", finely mara nyingi utaikuta kwenye kukata na kusaga, "finely chopped".

Sasa ulivyouliza kama ni neno moja au matatu. Asili ni moja. Kilatini kina "finis", mwisho au mpaka, kikaingia Kifaransa cha kale kama "fin", halafu Kiingereza kikaipokea baada ya Wanormani kuiteka England mwaka 1066 na lugha yao kukaa mahakamani na ikulu. Kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichosafishwa mpaka hakina cha kuongezwa, kikaitwa fine, ndo ubora ukatoka hapo, na kitu kilichosuguliwa na kusagwa mpaka mwisho kinakuwa chembamba, ndo wembamba ukatoka hapo. Upande wa sheria nako "fine" ilikuwa ni kumaliza shauri, makubaliano ya kufunga kesi. Ukimpa mfalme fedha ili jambo lako liishe, au akupe kibali au haki fulani, hiyo ilikuwa fine, na makarani wa wafalme wa England walikuwa na hati ndefu za kukunja zinaitwa Fine Rolls walimoandika nani kaahidi kutoa nini apewe nini. Haikuwa lazima uwe umekosa. Hata kuhamisha ardhi kulifanywa kwa kesi ya kuigiza iliyomalizwa kwa fine, mpaka Bunge lilipoifuta kwa sheria ya mwaka 1833. Taratibu maana ya malipo ya kumaliza kosa ndo ikabaki, na sisi tukaichukua tukaiita faini.

Kwahiyo faini na fainali ni ndugu wa damu, wote watoto wa finis. "Finish", "finite", "define" ambayo ni kuwekea kitu mipaka, "confine", "refine", hata "finance" ambayo kwa Kifaransa cha kale ilikuwa kumaliza deni, wote ukoo huo. Ila "find" na "fin" ya samaki hawamo, wanafanana sura tu. Wanakwaya wanaosoma nota wanamjua ndugu mwingine, lile neno "Fine" kwenye "D.C. al Fine", hilo ni Kiitaliano, linatamkwa fi-ne kama Mswahili angelisoma, na maana yake ni ileile ya kale, mwisho wa wimbo ni hapa.

Nimalizie na mkataba wako maana huko kisawe kibaya kinaweza kukugharimu. Kiswahili kinakusaidia sana hapa kuliko kamusi ya Kiingereza, manake sisi tuna maneno yanayotengana vizuri. Faini ni "fine", hutozwa na mwenye mamlaka kama mahakama au halmashauri, na fedha inaenda kwa mamlaka, siyo kwa uliyemkosea. Fidia ni "damages" au "compensation", hiyo inaenda kwa aliyeumizwa. Ada ni "fee", unalipia huduma, hujakosa chochote. Adhabu ni "penalty", neno pana linaloweza kuwa fedha, pointi za ligi au hata kifungo. Ukiyachanganya unamwambia mtu kitu kingine kabisa. Uingereza kwenyewe yanawachanganya, tiketi ya maegesho inayotoka halmashauri inaitwa Penalty Charge Notice na ya kampuni binafsi inaitwa Parking Charge Notice, zote kifupi chake PCN, ila ya pili siyo faini kisheria, ni dai la kimkataba.

Kwenye mkataba wa watu wawili binafsi basi, "late payment fine" siyo Kiingereza cha wanasheria, wao wangeandika "late fee", "late payment charge" au "interest". Na neno "penalty" wanalikimbia kwasababu kwenye sheria ya Uingereza mahakama inaweza kukataa kutekeleza kifungu cha malipo kilichopita kiasi ukilinganisha na maslahi halali kinayoyalinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali tozo ya paundi 85 ya mtu aliyezidisha muda kwenye maegesho, wakaona haijapita kiasi. Ndo maana utakuta mikataba imejaa "liquidated damages", fidia iliyokadiriwa mapema. Kama unaandika wewe, weka "late fee" na kiasi chake. Kama umeletewa ukiwa tayari umesaini, neno "fine" pale halikupi nafuu wala halikuongezei mzigo, mahakama za huko huangalia kifungu kinafanya nini siyo kimeitwaje, kwahiyo soma tena nani analipwa, kwa kuchelewa siku ngapi, na ni kiasi gani.